Mstari wa amri wa GNU Octave: mwongozo kamili kutoka hesabu ya kwanza hadi faili linalojiendesha

Ukifungua GNU Octave, programu ya kukokotoa hesabu, kwa mara ya kwanza, kinachokukaribisha ni alama mbili tu, `>>`, na kishale kinachowaka na kuzima. Hakuna menyu ya "tafuta wastani" wala kisanduku cha kujaza. Programu inasubiri uandike. Wengi huishia hapo, wakafunga na kurudi Excel.

Njia ya kuvuka ni moja: andika mstari mmoja, bonyeza Enter, soma jibu, ndipo uandike mwingine. Anayesoma kila jibu kabla ya kwenda mbele huliona kosa likiwa bado changa. Anayebandika mistari arobaini kwa mpigo hupata kosa asilojua limeanzia wapi. Kila kilichoandikwa hapa chini kimekusudiwa kujaribiwa papo hapo, kwa hiyo kaa na kompyuta yako mbele.

Tumechagua Octave kwa sababu ni ya bure kabisa, chini ya leseni ya GPL, na amri zake nyingi ni zilezile za MATLAB, ambayo leseni yake hulipiwa. Mwanafunzi anayefundishwa MATLAB chuoni anaweza kufanyia mazoezi yake kwenye Octave nyumbani bila kuvunja sheria ya mtu. John W. Eaton alianza kuiandika mwaka 1992, na toleo la 1.0 likatoka Februari 1994. Jina lake halihusiani na muziki: linamuenzi Octave Levenspiel, profesa wa uhandisi wa kemia aliyemfundisha Eaton, mtu aliyesifika kwa kukadiria hesabu ngumu haraka haraka kwenye kipande cha karatasi. Na ndivyo mstari wa amri unavyopaswa kutumiwa, kama karatasi ya kujaribia hesabu.

Kuiweka kwenye kompyuta

Kwenye Windows, pakua kutoka octave.org. Faili ni zito, mamia ya megabaiti, basi tumia Wi-Fi ya chuo au ya ofisini badala ya kumaliza bando lako. Ukimaliza utaona njia mbili za kuifungua: moja imeandikwa GUI, yenye madirisha kadhaa, na nyingine CLI, yenye dirisha jeusi peke yake. Kwenye Ubuntu au Debian:

```
sudo apt update
sudo apt install octave
```

Kwenye Mac yenye Homebrew, andika `brew install octave`.

Kompyuta ikiwa na RAM ndogo, acha madirisha mengi na uingie moja kwa moja kwenye mstari wa amri kwa kuandika `octave-cli` kwenye terminali (dirisha la amri la kompyuta). Hapo alama ya kusubiri itakuwa `octave:1>` badala ya `>>`, na hiyo namba huongezeka kwa kila amri. Amri zenyewe ni zilezile.

Dakika kumi za kwanza

Anza na hesabu tupu:

```
>> 7*8
ans = 56
>> 2^10
ans = 1024
>> ans/4
ans = 256
```

`ans` ni jina ambalo Octave hulipa jibu usilolipa jina wewe. Hubadilika kila mara, kwa hiyo usiliwekee tegemeo zaidi ya mstari mmoja. Ukitaka kutunza thamani, ipe jina:

```
>> bei = 2800;
>> kilo = 12;
>> jumla = bei*kilo
jumla = 33600
```

Tazama nukta mkato mwishoni mwa mistari miwili ya kwanza. Inamwambia Octave: fanya kazi, lakini usionyeshe jibu. Usipoiweka, jibu linachapwa. Kwa namba moja haina madhara, ila ukisahau nukta mkato kwenye jedwali lenye mistari elfu kumi, skrini itamiminika mpaka uchoke. Ikitokea, au hesabu ikikwama isiishe, bonyeza Ctrl+C. Amri inakatwa, na majina yako uliyokwisha kuyahifadhi yanabaki salama.

Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti: `Bei` si `bei`. Jina lisianze na namba, lisiwe na nafasi wala kistari cha kati. Andika `bei_ya_jumla`.

Sasa kosa linalowapata wengi wetu siku ya kwanza, na halitoi onyo lolote. Tumezoea kuandika milioni moja na nusu hivi: 1,500,000. Iandike hivyo ndani ya Octave uone:

```
>> mkopo = 1,500,000
mkopo = 1
ans = 500
ans = 0
```

Kwa Octave, mkato hutenganisha amri. Imesoma amri tatu: weka 1 kwenye `mkopo`, kisha onyesha 500, kisha onyesha 0. Mkopo wako umekuwa shilingi moja, na hesabu zote zitakazofuata zitakuwa upuuzi wenye sura ya kawaida. Waliosoma kwa Kifaransa, Kongo au Burundi, huangukia shimo hilohilo kwa upande mwingine: wakiandika `3,5` wakimaanisha tatu na nusu, wanapata 3 na 5. Desimali ni nukta, `3.5`, na maelfu hayatenganishwi na chochote: `1500000`. Ukiona sifuri zinakuchanganya, `1.5e6` ni kitu kilekile.

Hiyo `e` utakutana nayo upande wa majibu pia. Octave kwa kawaida huonyesha tarakimu tano zenye maana:

```
>> 1500000*0.0917 + 0.25
ans = 1.3755e+05
```

Maana yake ni 1.3755 mara 10 kwa kipeo cha 5, yaani 137,550. Ndani ya kumbukumbu namba ipo kamili, takriban tarakimu 16. Kilichofupishwa ni maonyesho tu. Andika `format long` upate tarakimu zaidi, `format short` kurudi kawaida. Kwa hesabu za fedha, bora zaidi ni kuchapa mwenyewe unavyotaka:

```
>> printf("%.2f\n", ans)
137550.25
```

`%.2f` ni namba yenye desimali mbili, na `\n` ni kushuka mstari. `\n` hufanya kazi hivyo ndani ya alama za kunukuu maradufu; kwa mfano `x = 'habari\n'` huhifadhi mkwaju na herufi n kama zilivyo. Na ukinakili amri kutoka Word au WhatsApp, angalia alama za kunukuu: programu hizo huzipinda, na Octave haizitambui zilizopinda. Utaona `parse error` kwenye mstari ambao kwa macho hauna tatizo. Futa alama hizo uziandike upya kwa mkono.

Vitufe vinavyookoa muda

Mshale wa juu kwenye kibodi hurudisha amri iliyotangulia. Hii ndiyo silaha kubwa ya mstari wa amri: umekosea mabano kwenye fomula ndefu, huiandiki upya, unapanda, unarekebisha, unabonyeza Enter. Ukiandika herufi mbili tatu kisha Tab, Octave humalizia jina au hukuonyesha yanayolingana. Kwenye terminali, Ctrl+R hutafuta ndani ya amri za zamani, hata za jana.

`whos` huorodhesha majina yote uliyoyahifadhi, ukubwa wake na aina yake. `clear bei` hufuta jina moja, `clear` peke yake hufuta yote bila kuuliza mara mbili. `clc` husafisha skrini tu, haifuti kitu. Wanaochanganya hizi mbili hupoteza kazi ya asubuhi nzima.

Kwa msaada, `help mean` hueleza fanksheni ya wastani palepale. Maelezo ni ya Kiingereza, lakini mstari wa kwanza, unaoonyesha namna ya kuiita, mara nyingi unatosha.

Wakati mwingine utabonyeza Enter na alama ya kawaida isirudi, kama vile programu imelala. Karibu mara zote kuna bano hujalifunga, na Octave inakungoja ulifunge. Lifunge, au bonyeza Ctrl+C uanze mstari upya.

Safu za namba: hapa ndipo penyewe

Hadi sasa Octave ni kikokotoo cha kawaida. Nguvu yake ni kushika namba nyingi chini ya jina moja. Chukua milimita za mvua za siku saba:

```
>> mvua = [0 12.5 3.2 0 0 20.1 7.4];
>> sum(mvua)
ans = 43.200
>> mean(mvua)
ans = 6.1714
>> [kubwa, siku] = max(mvua)
kubwa = 20.100
siku = 6
```

Mstari wa mwisho umeuliza maswali mawili kwa pamoja: mvua kubwa ni kiasi gani, na ilinyesha siku ya ngapi. `mvua(6)` hutoa ya siku ya sita, `mvua(2:4)` ya siku ya pili hadi ya nne, `mvua(end)` ya mwisho. Hesabu ya nafasi huanzia 1. Anayetoka Python atajaribu `mvua(0)` na ataambiwa `out of bound`.

Kisha kitu kinachofaa kukaa nacho kidogo:

```
>> mvua > 0
ans =

  0  1  1  0  0  1  1
```

Octave imeuliza swali hilohilo kwa kila siku na kujibu 1 kwa ndiyo, 0 kwa hapana. Kwa kuwa majibu ni namba, yanajumlishika: `sum(mvua > 0)` ni 4, siku zenye mvua. Na unaweza kuyatumia kuchambua: `mean(mvua(mvua > 0))` ni 10.8, wastani wa siku zilizonyesha peke yake. Hiyo ni kazi ambayo kwenye lugha nyingine ungeandika kitanzi cha mistari mitano.

Safu mlalo hutengenezwa kwa nafasi au mkato, na nukta mkato ndani ya mabano mraba hushusha mstari mpya. `[1 2 3]` ni safu mlalo, `[1; 2; 3]` ni safu wima, `[1 2; 3 4]` ni matriksi (jedwali la namba) ya mbili kwa mbili. Ritifaa hugeuza mlalo kuwa wima: `mvua'`. Chunga nafasi ndani ya mabano mraba: `[5 - 2]` ni namba moja, 3, lakini `[5 -2]` ni namba mbili, 5 na hasi 2.

Mfululizo hutengenezwa kwa nukta pacha: `0:0.5:2` ni kuanzia 0, kwa hatua ya 0.5, hadi 2. Ukitaka kuugeuza uwe wima, weka mabano kwanza, `(1:5)'`. Ukiandika `1:5'`, ritifaa inaigeuza 5 peke yake, na namba moja ikigeuzwa inabaki vilevile. Utashangaa kwa nini safu haijasimama.

Nukta ndogo inayoleta makosa makubwa

Alama `*`, `/` na `^` kwa Octave ni za hesabu za matriksi. Ukitaka kuzidisha namba kwa namba, nafasi kwa nafasi, weka nukta mbele: `.*`, `./`, `.^`. Bei za bidhaa tatu na idadi ya zilizouzwa:

```
>> bei = [2800 3200 1500];
>> idadi = [10 4 7];
>> bei*idadi
error: operator *: nonconformant arguments (op1 is 1x3, op2 is 1x3)
>> bei.*idadi
ans =

   28000   12800   10500
```

Soma hilo kosa vizuri, maana utaliona mara nyingi kuliko jingine lolote. Linasema umbo la cha kwanza ni 1 kwa 3, na la cha pili ni 1 kwa 3, na kwa kuzidisha matriksi havishikani. Dawa yake ni aidha nukta, aidha kugeuza kimoja: `bei*idadi'` huzidisha na kujumlisha kwa mpigo, jibu 51300. Ndiyo mapato yote.

Heri kosa linalopiga kelele. Kugawanya bila nukta kunaweza kukupa jibu bila lalamiko:

```
>> [1 2 3]/[4 5 6]
ans = 0.4156
```

Ulitegemea namba tatu, umepata moja. Octave imetafuta namba ambayo ukiizidisha na safu ya pili inakaribia zaidi safu ya kwanza, hesabu halali kabisa, ila siyo uliyoitaka. Vivyo hivyo ukijumlisha safu mlalo na safu wima, `[1 2 3] + [1; 2; 3]`, hupati kosa, unapata matriksi ya tatu kwa tatu. Ndiyo maana baada ya kila hatua muhimu andika `size(jina)` uone umbo. Makosa mengi ya wanaoanza ni ya umbo, si ya hesabu.

Milinganyo miwili kwa pamoja

Kilo 2 za mchele na 3 za maharage ni shilingi 15,200. Kilo 5 za mchele na 1 ya maharage ni 17,200. Kila kimoja bei gani?

```
>> A = [2 3; 5 1];
>> b = [15200; 17200];
>> x = A\b
```

Jibu ni 2800 kwa mchele na 3200 kwa maharage. Mkwaju ni ule wa nyuma, unaolalia kushoto. Vitabu vya shule huandika kinyume cha matriksi mara b, na kweli `inv(A)*b` italeta jibu, lakini `A\b` ni ya haraka zaidi na hutunza usahihi vizuri zaidi kwenye matriksi kubwa. Zoea mkwaju tangu mwanzo.

`b` lazima iwe wima. Ukiandika `b = [15200 17200]` utaambiwa `op1 is 2x2, op2 is 1x2`. Na kama mlinganyo wa pili ni wa kwanza uliozidishwa mbili, mfano `A = [2 3; 4 6]`, Octave itaonya `matrix singular to machine precision`. Onyo hilo halitaki urekebishe uandishi. Linakwambia taarifa ulizonazo hazitoshi kupata bei mbili. Jibu litakalochapwa chini ya onyo hilo usilitumie.

Majibu yanayoonekana ya ajabu lakini ni sahihi

`sin(30)` hutoa -0.9880, kwa sababu pembe husomwa kwa radiani. Kwa nyuzi tumia `sind(30)`, jibu 0.5. `log(100)` ni 4.6052, logi asilia. Ile ya msingi wa kumi ni `log10`. `-2^2` ni -4, maana kipeo hutangulia, andika `(-2)^2`. `1/0` ni `Inf`, na `0/0` ni `NaN`, yaani siyo namba. `NaN` moja ndani ya safu huambukiza jumla na wastani wote. Itafute kwa `isnan(x)`, wala usijaribu `x == NaN`, ambayo siku zote hujibu 0.

Kisha hili:

```
>> 0.1 + 0.2 == 0.3
ans = 0
>> 0.1 + 0.2 - 0.3
ans = 5.5511e-17
```

Kompyuta huhifadhi namba kwa msingi wa mbili, na sehemu moja ya kumi haiishi kwenye msingi huo, kama vile theluthi isivyoisha kwenye desimali zetu. Kunabaki chembe. Kwa hiyo usilinganishe namba za desimali kwa `==`. Uliza kama tofauti ni ndogo: `abs(a - b) < 1e-9`.

Onyo jingine: usitumie jina la fanksheni kuitia thamani yako. Ukiandika `sum = 5`, halafu baadaye `sum(mvua)`, Octave itadhani unataka kipengele ndani ya namba 5, na itakataa. Matoleo mapya huongeza maneno `shadows function` kwenye kosa kukudokeza. Andika `clear sum`, fanksheni inarudi. Jina la Kiswahili, `jumla`, `wastani`, `upeo`, linakuepusha na balaa hilo bila jitihada yoyote.

Kutoka mstari mmoja hadi faili

Amri zikishafanya kazi, zihamishie kwenye faili lenye mwisho wa `.m`. Kwenye GUI andika `edit lipa.m`. Fanksheni hii hukokotoa rejesho la kila mwezi la mkopo wenye riba inayohesabiwa kwenye salio lililobaki:

```
function m = lipa(P, r, n)
  % P: mkopo, r: riba ya mwezi, n: idadi ya miezi
  m = P*r ./ (1 - (1+r).^(-n));
end
```

Jina la faili na la fanksheni liwe moja. Hifadhi, rudi kwenye mstari wa amri:

```
>> printf("%.2f\n", lipa(1500000, 0.015, 12))
137519.99
```

Mkopo wa milioni moja na nusu, riba asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi 12: unalipa 137,520 kila mwezi, jumla kama 1,650,240. Kwa sababu tuliweka nukta kwenye `./` na `.^`, unaweza kuuliza vipindi vitatu kwa mara moja: `lipa(1500000, 0.015, [6 12 24])` hutoa takriban 263,288, kisha 137,520, kisha 74,886. Bila nukta, Octave ingegoma ikisema `only square matrix arguments are permitted`. Na riba andika 0.015, siyo 1.5, ukikosea hapo rejesho litazidi mkopo wenyewe, na hilo peke yake likushtue.

Ukipata `'lipa' undefined`, kwa kawaida ni moja kati ya mambo matatu. Octave iko folda nyingine: angalia kwa `pwd`, tazama mafaili kwa `ls`, hamia kwa `cd`. Au Notepad imelihifadhi kama `lipa.m.txt` na Windows inakuficha ule mwisho. Kwenye kuhifadhi chagua aina ya faili "All files". Au jina lina kistari: `lipa-mpya` husomwa kama `lipa` kutoa `mpya`. Tumia `lipa_mpya`.

Kuleta data, kuchora, kuhifadhi

Faili la CSV lenye vichwa vya safu mstari wa kwanza husomwa hivi:

```
>> d = csvread('mauzo.csv', 1, 0);
>> size(d)
```

Hizo 1 na 0 ni mistari na safu za kuruka. Usiporuka vichwa, maneno hugeuka sifuri na wastani wako unashuka kimyakimya. Baadhi ya kompyuta huhifadhi CSV kwa nukta mkato badala ya mkato, hapo tumia `dlmread('mauzo.csv', ';', 1, 0)`. Kabla ya kuhamisha kutoka Excel, ondoa mikato ya maelfu kwenye seli.

Mchoro wa mvua yetu:

```
>> bar(mvua)
>> xlabel('Siku'); ylabel('Mvua (mm)');
>> print -dpng mvua.png
```

Picha inakaa kwenye folda ulimo, tayari kuingia kwenye ripoti.

`save kazi.mat` huhifadhi majina yako yote, na `load kazi.mat` huyarudisha kesho. Kama unampelekea mwenye MATLAB, andika `save -v7 kazi.mat`. Ukitaka kumbukumbu ya mazungumzo yote, amri na majibu, anza kikao kwa `diary leo.txt` na umalize kwa `diary off`.

Jambo jingine kwa wanaopeleka kazi kwenye MATLAB: Octave inakubali `#` kwa maelezo, `!=`, `+=`, `endif` na `printf`, MATLAB haikubali. Ukitumia `%`, `~=`, `end` na `fprintf`, faili lako litakwenda pande zote mbili.

Baadhi ya fanksheni zimo kwenye vifurushi vya nyongeza. Kwenye Windows vingi huja na programu, unaviita tu: `pkg load statistics`. Kwenye Ubuntu weka kwanza kwa `sudo apt install octave-statistics`. Kuita kunahitajika kila unapofungua Octave upya; ukichoka, andika mstari huo kwenye faili liitwalo `.octaverc` ndani ya folda yako ya nyumbani, nao utasomwa kila mara.

Hatimaye, hesabu unayoirudia kila wiki huna haja ya kuifungulia Octave. Ukiwa kwenye terminali, ndani ya folda yenye `lipa.m`:

```
octave-cli --eval "printf('%.2f\n', lipa(1500000, 0.015, 24))"
```

Itachapa 74886.15 na kutoka yenyewe. Hapa `\n` iko ndani ya alama moja za kunukuu na bado inashusha mstari, kwa sababu `printf` huitafsiri yenyewe. Ukiwa ndani ya Octave, mlango wa kutokea ni `exit`.